Paka Mchanga Asiyekua: Jinsi Tezi ya Shingoni Inavyoamua Kimo, Meno na Akili

Paka anapozaa watoto wanne nyuma ya gunia la mkaa au ndani ya kabati la nguo, kwa majuma matatu ya mwanzo wenye nyumba huwatofautisha kwa rangi tu. Kila mmoja huzaliwa na uzito wa takribani gramu 100, hufungua macho kati ya siku ya 7 na ya 14, na huongeza karibu gramu 100 nyingine kila juma akinyonya vizuri. Tofauti huanza kuonekana baadaye. Ifikapo juma la 8, watatu wanapanda mapazia na kuviziana chini ya meza, ilhali wa nne amebaki pale pale alipozaliwa. Kichwa chake ni kipana kuliko mwili, miguu ni mifupi, tumbo limejaa, na mchana kutwa amelala. Akiwekwa juani husogea kidogo, akiwekwa kivulini hutetemeka.

Maelezo ya kwanza yanayotolewa nyumbani ni kwamba amezidiwa na wenzake kwenye chuchu, au kwamba ana minyoo. Mara nyingi maelezo hayo huwa ya kweli, na ndiyo maana ugonjwa unaozungumziwa hapa hupita bila kutambuliwa. Si ugonjwa wa kila siku. Hata hivyo, mnyama aliyeupata hufa mapema akiachwa bila matibabu, na akitibiwa kwa wakati anaweza kuishi vizuri. Aidha, chanzo chake kimojawapo kinagusa moja kwa moja jambo ambalo wananchi wamelisikia kwa miaka mingi katika matangazo ya afya: chumvi yenye madini joto.

Ugonjwa wenyewe ni upungufu wa homoni za tezi dundumio, ambayo hospitalini hujulikana zaidi kwa jina la thairoidi. Tezi hii ina sehemu mbili zilizokaa kushoto na kulia kwa koo la hewa, chini kidogo ya zoloto. Kwa paka mwenye afya sehemu hizo ni ndogo kiasi kwamba daktari akipapasa shingo kwa vidole hazigundui. Kazi yake ni kuchukua madini joto, yaani ayodini, kutoka katika damu na kuyaunganisha na protini ili kutengeneza homoni mbili. Iliyo nyingi zaidi ni thairoksini, ambayo kila molekuli yake hubeba atomu nne za ayodini. Ya pili hubeba tatu, na ndiyo yenye nguvu zaidi ndani ya seli. Bila ayodini hakuna homoni, hata kama tezi ni nzima kabisa.

Tezi dundumio haifanyi kazi kwa utashi wake. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, pituitari, ambayo hupima kiasi cha thairoksini kilichomo katika damu. Kikipungua, pituitari hutuma homoni ya kuihimiza tezi ya shingoni izalishe zaidi. Iwapo tezi haiwezi kuzalisha, amri hiyo huendelea kutumwa usiku na mchana, na tezi hujibu kwa njia pekee iliyobaki, nayo ni kuongezeka ukubwa. Uvimbe huo ndio unaoitwa rovu. Kwa hiyo rovu si lazima liwe dalili ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Kwa mnyama mchanga huwa ni alama ya tezi inayojitahidi na kushindwa.

Kwamba tezi hii ndiyo inayotawala ukuaji lilikuwa jambo lililogunduliwa kwa njia ya uchungu. Mnamo mwaka 1874, daktari mpasuaji Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, alimwondolea msichana wa miaka 11 tezi yote kwa sababu ya rovu. Upasuaji ulifaulu. Miaka ilipopita, ilionekana kwamba msichana huyo alikoma kukua, uso ukavimba na akili ikapungua kasi, wakati mdogo wake aliyekuwa mfupi kwake alimpita kimo. Kocher alipowafuatilia wagonjwa wake wengine na kukuta hali kama hiyo, alitangaza matokeo hayo hadharani mwaka 1883, bila kuyaficha ingawa yalihusu mikono yake mwenyewe. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi dundumio. Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann alikuta ayodini ndani ya tezi yenyewe. Na mwaka 1912, J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya farasi. Wakageuka vyura kabla ya wakati, wadogo mno, kana kwamba saa ya mwili ilisukumwa mbele. Tezi hii, kwa maneno mengine, haiongezi ukubwa tu. Inapanga ratiba ya mwili kukomaa.

Hilo ndilo linaloeleza kwa nini mtoto wa paka mwenye upungufu huu haonekani kuwa paka mdogo tu, bali huonekana kuwa paka aliyebaki mtoto. Paka anayekosa homoni ya ukuaji inayotoka kwenye pituitari hubaki mdogo lakini viungo vyake hulingana, kama picha ya paka mkubwa iliyopunguzwa. Mwenye upungufu wa thairoksini hana ulinganifu huo. Mifupa mirefu ya miguu hurefuka kupitia gegedu laini iliyo karibu na ncha zake, na seli za gegedu hiyo huhitaji homoni ya tezi ili zikomae na kugeuka mfupa. Homoni ikikosekana, miguu hubaki mifupi na minene, pingili za uti wa mgongo hubaki fupi pia, na shingo huonekana kama imezama mabegani. Kichwa, kwa kulinganisha, huonekana kikubwa na kipana. Picha ya eksirei ya paka wa umri wa miezi kadhaa inaweza kuonyesha mifupa ya paka wa majuma machache, huku gegedu zikiwa wazi mahali ambapo zingekuwa zimeanza kufunga.

Meno nayo hutoa ushahidi ambao mwenye paka anaweza kuuona bila kifaa chochote. Paka wa kawaida huanza kubadili meno ya utotoni akiwa na umri wa karibu miezi minne, na hadi kufikia mwezi wa 7 meno ya kudumu huwa yamekamilika. Mwenye upungufu huu anaweza kuonekana na meno yale yale madogo yenye ncha kama sindano wakati ndugu zake wamekwishayapoteza siku nyingi. Manyoya hufuata mkondo huo huo. Ngozi hubaki na tabaka laini la ndani, kama pamba, na yale manyoya marefu ya nje yanayompa paka mng'ao huota machache, tena kwa kutawanyika.

Kuna dalili zisizoonekana kwa jicho haraka, nazo ndizo zinazoua. Joto la mwili hushuka kwa sababu homoni hii ndiyo inayosukuma seli kuzalisha joto. Mapigo ya moyo huwa ya polepole. Utumbo hulegea, na mnyama hufunga choo kwa siku kadhaa. Tumbo lile linalodhaniwa kuwa la shibe au la minyoo huwa limejaa kinyesi kilichokauka. Wapo wanaoletwa kwa daktari kwa sababu ya kukosa choo peke yake, na ni daktari makini anayejiuliza kwa nini paka wa miezi mitatu ana tatizo la paka mzee. Wengi wa watoto hawa hufa kabla ya kufikisha majuma 16, na wenye nyumba hubaki wakiamini kwamba alizaliwa dhaifu.

Tena kuna ubongo. Katika majuma ya mwanzo ya maisha, neva za ubongo hujivika utando wa mafuta unaoharakisha mawasiliano kati ya sehemu moja na nyingine, na kazi hiyo huitegemea thairoksini. Paka aliyeikosa hujifunza polepole. Hachezi, haitiki mlio wa sahani, anaweza kushindwa kujifunza kutumia mchanga anapojisaidia. Hapa muda hauna mbadala. Mfupa uliochelewa unaweza kufidia sehemu ya urefu wake gegedu ikiwa bado wazi; ubongo hautoi nafasi hiyo kwa ukarimu huo.

Chanzo cha ugonjwa si kimoja. Aina iliyochunguzwa zaidi kwa paka ni ile ya kurithi, ambayo tezi ipo lakini kimeng'enya kinachounganisha ayodini na protini hakifanyi kazi ipasavyo. Imeelezwa kwa paka wa jamii ya Abyssinian na pia kwa paka wa kawaida wenye manyoya mafupi. Hurithiwa kwa namna iliyojificha: baba na mama huonekana wazima, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja ya jeni yenye kasoro, na kwa kila mtoto wanayemzaa uwezekano wa kupata nakala mbili na kuugua ni mmoja kati ya minne. Kwa kuwa tezi ya mtoto huyo huhimizwa bila kukoma, huota rovu linaloweza kupapaswa shingoni. Aina nyingine hutokana na tezi kutojengeka tangu tumboni. Mtoto wa aina hii hana rovu, kwa kuwa hakuna tezi ya kuvimba, na hivyo kukosekana kwa uvimbe shingoni hakumwondoi mnyama katika shaka.

Kwa mazingira ya Afrika Mashariki ufugaji wa paka wa ukoo si mkubwa, lakini hilo halifanyi urithi kuwa jambo la mbali. Katika mitaa mingi dume mmoja mwenye nguvu huzaa na majike wa nyumba zote za karibu, kisha huzaa na binti zake. Uzazi wa namna hiyo ndio unaoziwezesha jeni zilizojificha kukutana. Paka ambaye mzao wake umewahi kutoa mtoto wa aina hii hapaswi kuzalishwa tena, na ndugu zake walio wazima nao ni vyema wahasiwe kabla ya kutolewa kwa majirani, kwa sababu wawili kati ya watatu wa ndugu hao hutarajiwa kuwa wabebaji wa jeni hiyo.

Chanzo cha tatu ni lishe, na hiki kiko ndani ya uwezo wa mfugaji. Mwaka 1961 watafiti wa London, akiwamo Patricia Scott, walichapisha matokeo ya kuwalisha paka nyama tupu. Wengi wangeona hicho ndicho chakula bora kwa mnyama mla nyama. Matokeo yalikuwa kinyume: nyama ya misuli na moyo ina kalsiamu kidogo mno na ayodini kidogo mno, na watoto wa paka waliokuzwa kwa chakula hicho walipata kasoro za mifupa na za tezi. Paka wa mwituni hali nyama tupu. Anapomla panya humla na mifupa, na ini, na tezi zake, hivyo hupata madini ambayo kipande safi cha steki hakina. Mfugaji anayemdekeza paka wake kwa nyama laini isiyo na kitu kingine anaweza, pasipo kujua, kumlisha vibaya kuliko jirani anayempa mabaki ya samaki.

Samaki nao si sawa wote. Wa baharini wana ayodini nyingi zaidi kuliko wa maziwa na mito, kwa sababu ayodini nyingi ya dunia iko baharini. Dagaa wa Ziwa Victoria wakilika wazima na mifupa yao ni chanzo kizuri cha kalsiamu na protini, lakini hawawezi kuhesabiwa sawa na samaki wa Bahari ya Hindi kwa upande wa madini joto. Chakula cha paka cha viwandani kilichotengenezwa kwa viwango kamili huongezwa ayodini. Tatizo ni bei. Lisilofaa kabisa ni kumnyunyizia paka chumvi kwenye chakula kwa matumaini ya kumtibu. Chumvi nyingi humdhuru, na ayodini ikizidi huweza yenyewe kuizuia tezi kufanya kazi. Inashauriwa kuchanganya vyakula: samaki aliyepikwa, vipande vya ini kwa kiasi, yai lililoiva, na nyama isiyokuwa peke yake.

Kabla ya kuishuku tezi, yapo magonjwa ya kawaida zaidi yanayopaswa kuondolewa kwanza. Minyoo ya tumbo ndiyo inayoongoza. Mtoto wa paka huipata kupitia maziwa ya mama yake, na dawa yake ni rahisi. Viroboto wengi humnyonya mnyama mdogo damu hadi fizi zikawa nyeupe. Upungufu wa kalsiamu huleta miguu iliyopinda na maumivu anaposhikwa. Kasoro za moyo na za mishipa ya ini huzuia ukuaji pia. Hata hivyo, katika hayo yote mtoto hubaki na umbo la paka: amekonda, mifupa inaonekana, manyoya yamechakaa. Yule wa tezi hukonda mara chache. Yeye ni mnene, mfupi, mpole kupita kiasi, na wenye nyumba humwita mtulivu.

Ni muhimu pia kutochanganya hali hii na ugonjwa wa tezi unaofahamika zaidi kwa paka duniani, ambao ni wa wazee. Mwaka 1979 madaktari wa wanyama wa New York, Marekani, walianza kueleza kuhusu paka wakubwa wanaokonda huku wakila sana, wenye moyo unaopiga kwa kasi na wasiotulia. Hao tezi yao huzalisha homoni kupita kiasi. Ugonjwa huo huwapata paka waliovuka umri wa miaka minane au kumi na ni nadra mno kwa wachanga. Anayesoma habari za tezi ya paka mtandaoni hukutana na huo kwanza, na ushauri unaotolewa kwa mzee, kama vile chakula chenye ayodini kidogo, ungekuwa hatari kwa mtoto.

Uthibitisho hupatikana kwa damu. Kipimo cha thairoksini pekee hakitoshi, kwa kuwa mnyama mchanga aliyedhoofishwa na ugonjwa wowote mwingine anaweza kuonyesha kiwango cha chini ingawa tezi yake ni nzima. Kinachoamua ni kukipima pamoja na homoni ya kuihimiza tezi inayotoka pituitari. Thairoksini ikiwa chini na ile ya kuhimiza ikiwa juu, maana yake amri inatolewa na haitekelezwi. Daktari akikosa vipimo hivyo karibu, eksirei ya mifupa na ulinganisho na ndugu wa mzao mmoja humpa msingi wa kuendelea. Kutokana na hilo, mwenye paka anayekwenda kumwona daktari wa mifugo akimbeba mgonjwa peke yake humpunguzia daktari nusu ya ushahidi.

Matibabu ni kumrudishia mnyama homoni anayoikosa, kwa dawa iitwayo levothairoksini, kila siku, maisha yake yote. Dawa yenyewe ndiyo hiyo wanayotumia binadamu. Urahisi huo ndio unaozaa hatari. Kidonge cha mtu mzima kinaweza kuwa na dozi kubwa mno kwa paka wa nusu kilo, na ikizidi moyo huenda mbio, mnyama hukonda na kuhangaika. Dozi hupangwa na daktari, kisha hurekebishwa kwa kipimo cha damu baada ya majuma machache, na tena mnyama anapoongezeka uzito. Ipewe saa zile zile, na isichanganywe na chakula chenye kalsiamu nyingi kama maziwa, kwa kuwa kalsiamu huizuia isifyonzwe utumboni. Inafaa kukumbusha hapa kwamba dawa nyingine za binadamu zilizo katika kila nyumba si salama kwa paka. Parasetamoli, hata kwa kiasi kidogo, huweza kumuua.

Aliyeanzishiwa dawa mapema hubadilika kwa namna inayowashangaza wenye nyumba. Mabadiliko ya kwanza huwa ni joto na wepesi: mnyama aliyekuwa akilala kutwa huanza kusogea, kisha kucheza. Choo hurudi. Manyoya ya nje huota, meno ya utotoni huanguka, na miguu hurefuka kadiri gegedu zinavyoruhusu. Baadhi hufikia kimo kinachokaribia cha ndugu zao, wengine hubaki wafupi lakini wenye afya. Walioanza wakiwa wamechelewa hupata nguvu ya mwili bila kupata wepesi wote wa akili. Gharama ni ya kudumu na inastahili kupimwa kwa uaminifu kabla ya kuanza, kwa sababu dawa inayotolewa mwezi huu na kukosekana mwezi ujao humrudisha mnyama alikotoka.

Yaliyoelezwa juu ya paka hayaishii kwa paka. Tezi dundumio ya mbuzi, ya ndama na ya binadamu hufanya kazi ile ile kwa madini yale yale. Mbuzi jike anayelishwa katika ardhi isiyo na ayodini huweza kuzaa watoto wenye rovu, wasio na manyoya, dhaifu au waliokufa, na mfugaji asiyejua hulaumu jike au dume. Kwa wafugaji wa nyanda za juu, ambako mvua za karne nyingi zimeosha ayodini kutoka katika udongo, mawe ya chumvi ya kulamba yenye madini hayo ni kinga ya bei nafuu kuliko hasara ya mzao mmoja.

Kwa watoto wa binadamu, jambo hili lina historia ndefu nchini Tanzania. Maeneo ya nyanda za juu za kusini yalijulikana kwa rovu kwa vizazi vingi, na mahali ambapo rovu ni la kawaida kwa watu wazima, madhara makubwa zaidi huwa kwa watoto walio tumboni. Kuanzia miaka ya 1980, vidonge vya mafuta yenye madini joto vilitolewa katika wilaya zilizoathirika zaidi wakati mfumo wa kuweka madini hayo katika chumvi ukijengwa. Utafiti wa Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia watoto ambao mimba zao ziliangukia ndani ya kipindi cha kinga ya vidonge hivyo. Ilionekana kwamba walisonga mbele shuleni kwa wastani wa kati ya mwaka 0.35 na 0.56 zaidi ya wenzao, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Kidonge hicho alikimeza mama, na matokeo yake yakaja kuonekana darasani miaka mingi baadaye.

Ukaribu na bahari haukuwa kinga kamili kama ilivyodhaniwa. Uchunguzi uliofanyika Zanzibar ulikuta rovu miongoni mwa watoto wa shule wa visiwa vinavyokula samaki, na hali ya Pemba ilikuwa mbaya kuliko ya Unguja. Tofauti ilikuwa kwenye chumvi: Pemba ilitumia zaidi chumvi ghafi ya mashambani mwake, isiyoongezwa madini joto. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku, na mama mjamzito 250. Ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na chumvi iliyoandaliwa ipasavyo hukitoa bila mtu kubadili chakula chake. Ihifadhiwe katika chombo kilichofunikwa, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva ili madini yasipotee jikoni.

Mtoto wa binadamu naye anaweza kuzaliwa na tezi isiyofanya kazi kwa sababu zisizohusu chumvi, kama ilivyo kwa paka. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza mwaka 1974 kuwapima watoto wachanga wote kwa tone la damu, na nchi nyingi zilizoiga zimekuta mtoto mmoja mwenye hali hiyo katika kila watoto takribani 2,000 hadi 4,000. Mzazi anayeona mtoto wake mchanga amelala kupita kiasi, ananyonya kwa ulegevu, amefunga choo, ana sauti nzito, ngozi ya baridi au manjano isiyokwisha, anapaswa kumfikisha kituo cha afya bila kusubiri kliniki ijayo. Dawa ni ile ile, na majuma ya mwanzo yana uzito ule ule.

Kwa mwenye paka, hatua za kuanzia ni za nyumbani. Awapime uzito watoto wote wa mzao mmoja mara moja kwa juma, kwa mizani ya jikoni, na kuandika. Awape dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Iwapo mmoja ataacha kuongezeka kwa majuma mawili mfululizo wakati wenzake wanaendelea, apelekwe kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, pamoja na ndugu yake mmoja aliye mzima, daftari la uzito na maelezo ya chakula wanachopewa. Kama ni siku ya baridi, asafirishwe katika boksi lenye kitambaa na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa vizuri, kwani mnyama wa aina hii hawezi kujipasha joto mwenyewe njiani.